Unataka kufundisha na kuongoza shule ya lugha mbili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa walimu wa kila aina: wanaoanza, walio katikati, na wale ambao wameshakabidhiwa ofisi ya mkuu wa shule wakajikuta hawajui waanzie wapi. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi kwa sababu kuna vitu havina maneno mengi. Ruka uende kwenye swali lako.

Shule ya lugha mbili ni ipi hasa? Mbona kila shule siku hizi inajiita hivyo?

Kweli jina linatumika ovyo. Shule ikifundisha kila kitu kwa lugha moja halafu ikaweka vipindi vinne vya lugha nyingine kama somo, hiyo ni shule yenye somo la lugha, basi. Ya lugha mbili ni ile ambayo mtoto anasoma hesabu, sayansi, historia, yaani masomo yenyewe, kwa lugha zote mbili na kwa mpango unaojulikana. Mfano unaotajwa sana ni shule ya Coral Way kule Miami, Marekani, ambayo 1963 ilianza kufundisha nusu ya siku kwa Kiingereza na nusu kwa Kihispania. Miaka miwili baadaye, 1965, kule St. Lambert, Quebec, nchini Kanada, wazazi wanaoongea Kiingereza walisukuma mpaka watoto wao wakaanza chekechea kwa Kifaransa, Kiingereza kikaja kuingia taratibu madarasa ya mbele.

Modeli unazokutana nazo leo nyingi zina undugu na mojawapo ya hizo. Utasikia watu wanasema tisini kwa kumi, maana yake madarasa ya chini asilimia 90 ya muda ni kwa lugha ile inayohitaji kulindwa, halafu inapungua mwaka hadi mwaka mpaka zinafika nusu kwa nusu. Nyingine ni hamsini kwa hamsini tangu mwanzo. Na kuna zile za mpito, ambazo lugha ya nyumbani inatumika tu kumvusha mtoto mpaka aweze lugha kuu, kisha inawekwa kando. Hii ya mwisho mi siipendi sana lakini ipo na wengi wameajiriwa huko, so usiidharau, ila ujue tu kwamba kazi yako pale ni tofauti kabisa. Kabla hujaomba kazi popote uliza ni modeli gani, na wakikujibu "tunachanganya kulingana na mahitaji" jua hawana modeli.

Nahitaji kusomea nini?

Ualimu kwanza. Hakuna njia ya mkato hapo. Digrii au diploma ya ualimu kulingana na ngazi unayotaka, halafu juu yake utafute mafunzo ya jinsi mtu anavyojifunza lugha ya pili na jinsi ya kufundisha somo kwa lugha ambayo mwanafunzi bado hajaimudu. Sehemu zingine mafunzo hayo yanakuja na leseni kabisa, kwa mfano Marekani majimbo mengi yana kibali cha ziada cha kufundisha lugha mbili juu ya leseni ya kawaida. Kwingine hakuna leseni, ila mwajiri anataka kuona umesoma kitu.

Kwa uongozi, masta ya uongozi wa elimu inasaidia na kuna nchi inadaiwa, kwingine cheti cha uongozi kinatosha, na karibu kila mahali watataka miaka kadhaa darasani. Angalia sheria za pale unapotaka kufanya kazi kabla hujalipa ada ya kozi yoyote, kwa sababu kuna watu wamemaliza kozi nzuri sana ambayo mamlaka ya elimu ya huko waliko haiitambui.

Lazima niongee lugha zote mbili kama mzawa?

Hapana. Lafudhi haifundishi sehemu za hesabu. Kinachotakiwa ni uwezo wa kufanya kazi ya ualimu kwa lugha hiyo, na hicho ndo kitu ambacho wazawa wengi wenyewe hawana, maana kuongea lugha nyumbani toka utotoni sio sawa na kueleza mnyauko wa mmea au kuandika ripoti ya mtoto kwa lugha hiyo hiyo. Jipime hivi: chukua kipindi kimoja cha sayansi cha darasa la nne, andika maswali matano utakayouliza, maelekezo ya jaribio, na barua fupi kwa mzazi ambaye mtoto wake ameshuka ghafla, vyote kwa lugha yako dhaifu. Ukikwama kwenye barua ila maswali yako sawa, uko vizuri, barua inafundishika. Ukikwama kwenye maswali, jipe muda kwanza.

Kwa mkuu wa shule nitakuwa mkali kidogo. Mkuu asiyeelewa kabisa moja ya lugha za shule yake hawezi kukagua nusu ya vipindi. Atakaa nyuma ya darasa anaangalia kama watoto wametulia na ubao ni msafi. Hata kama hutaweza kuifundisha, jifunze kiasi cha kufuata kipindi, na wakati unajifunza uwe na makamu anayeijua vizuri ambaye unamwamini.

Hizi nadharia za lugha zina faida gani darasani? Mi naona ni za kupasia mtihani tu

Nyingi ndiyo. Ila kuna moja ambayo ukiikosa utawaumiza watoto bila kujua.

Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili wa Kanada, alitenganisha mwaka 1979 lugha ya maongezi ya kila siku na lugha ya masomo. Ile ya kwanza mtoto anaweza kuishika ndani ya miaka miwili hivi akiwa na wenzake. Ile ya pili, ya kusoma maandishi mazito, kulinganisha, kueleza sababu, inachukua mitano, saba, na hata zaidi kumfikia mwenzake aliyekua na lugha hiyo. Sasa ona kinachotokea. Mtoto yuko uwanjani wakati wa mapumziko anagombana, anatania, anasimulia mechi, lugha inamwagika. Mwalimu anamsikia anasema huyu ameshaiva. Wanarudi darasani, kwenye karatasi imeandikwa: "Maji kwenye sahani A yalipungua haraka kuliko sahani B. Eleza kwa nini, ukitumia matokeo ya jaribio." Mtoto anaandika "maji yameisha kwa sababu ya jua" anaweka kalamu chini. Mwalimu anaandika mvivu. Lakini ukimuuliza jambo hilo hilo kwa lugha ya nyumbani anakwambia sahani A ilikuwa pana, ilikaa dirishani, hewa ilikuwa inapita, B ilikuwa imefunikwa nusu. Yote anayo, alichokosa ni namna ya kuijenga sentensi ya "kwa sababu sahani A ilikuwa na eneo kubwa zaidi..." kwa lugha ya pili.

Hapo dawa ni kumpa mianzo ya sentensi, kumpa nafasi azungumze na mwenzake kabla hajaandika, kumuonyesha jibu zuri likoje. Kazi ya kipindi kile kile, sio tyusheni ya pembeni. Na ndo maana kumtoa mtoto kwenye msaada wa lugha eti kwa sababu "anaongea vizuri" ni moja ya maamuzi mabaya ambayo shule inafanya kila mwaka.

Kuchanganya lugha darasani ni kosa?

Inategemea nani anachanganya na kwa nini. Mwanafunzi akichanganya anafikiri, mwache. Mwalimu akisema kila sentensi mara mbili, mara hii lugha mara ile, anaharibu, kwa sababu watoto sio wajinga, watasubiri ile lugha wanayoielewa na nyingine wataiacha ipite. Baada ya mwezi mmoja utakuwa unafundisha kwa lugha moja na kelele.

Kuchanganya kwa mpango ni jambo jingine. Wazo hilo linatoka Welisi, ambako mtaalamu wa elimu Cen Williams miaka ya 1990 aliona walimu wanafanya kitu kizuri: wanafunzi wanasoma kwa Kiingereza halafu wanajadili na kuandika kwa Kiwelisi, au kinyume chake. Ili uweze kusoma kwa lugha moja ukaandika kwa nyingine inabidi uwe umeelewa kweli, huwezi kunakili. Baadaye mtaalamu wa elimu ya lugha mbili Ofelia García akalikuza wazo hilo kwa upana zaidi huko Marekani. Msimamo wangu ni kwamba muda wa kila lugha ulindwe na mwalimu asiuvunje hovyo, ila ndani ya kazi za watoto uweke madaraja ya makusudi. Wapo wanaosema nina msimamo wa kizamani, sawa.

Siku ya kazi ikoje?

Maandalio mengi. Vitabu vya lugha moja vipo vya kumwaga, vya lugha nyingine hamna au vimetafsiriwa vibaya, kwa hiyo utajikuta unatengeneza mwenyewe. Halafu kuna kazi ambayo haiko kwenye mkataba: kutafsiri. Ofisini kuna mzazi haelewi, mwalimu wa lugha mbili anaitwa atoke darasani. Barua ya wazazi inatakiwa kesho, anapewa yeye leo saa tisa. Inaanza kama hisani, inaishia kuwa wajibu wako wa kudumu bila mtu kukaa chini kukubaliana nawe. Sema mapema, kwa adabu, kwamba uko tayari ila iandikwe kwenye majukumu yako na ipunguzwe kwingine.

Na tafadhali, mtoto asitumike kuwa mkalimani kwenye kikao cha mzazi wake. Sio haki kwake, na utashangaa jinsi "ana matatizo makubwa ya nidhamu" inavyofika kwa mama kama "mwalimu anasema niendelee hivyo hivyo".

Naweza kuingia bila kuwa mwalimu?

Unaweza kuanza kama mwalimu msaidizi, na kusema kweli ni njia nzuri sana, wengi walio hodari wameanzia huko. Kuruka moja kwa moja kwenye uongozi kutoka biashara au ofisi, sikushauri.

Tuko walimu wawili kwenye darasa moja, kila mtu lugha yake, na hatuelewani. Kawaida?

Kawaida sana, na mara nyingi sio tabia za watu, ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Watoto ni wale wale, wanakwenda kwako asubuhi na kwa mwenzako mchana, sasa nani anajaza ripoti? Nani anampigia mzazi? Mada iliyoanzwa kwa lugha moja inaendelezwa kwa nyingine au inarudiwa toka mwanzo? Kama uongozi haujajibu hayo, nyinyi mtayajibu kwa kununiana.

Kinachosaidia ni kipindi cha pamoja cha kupanga, kiwekwe kwenye ratiba, sio "mtakutana mkipata nafasi". Mkikaa, kubalianeni mada inaendelea, hairudiwi. Sehemu za hesabu zikianza kwa lugha A, lugha B inachukua pale ilipoishia na kutumia dakika chache tu kuwapa watoto msamiati. Mkirudia kila kitu mara mbili mtamaliza nusu ya silabasi.

Lipo na lile lisilosemwa. Kuna shule mwalimu wa lugha moja analipwa zaidi, ana nyumba ya shule, anaitwa kwenye picha za matangazo, na wa lugha nyingine yuko yuko tu. Usitegemee watu hao wawili washirikiane kwa moyo mweupe. Watoto wanaona pia, na wanajua ni lugha gani yenye hadhi bila kuambiwa.

Niache darasa lini niende kwenye uongozi?

Ukiona unaanza kusumbuliwa na mambo yanayotokea nje ya darasa lako: ratiba, ajira, vitabu, mwalimu jirani ambaye unajua angesaidiwa angeweza. Ukiona unataka tu kukimbia kusahihisha madaftari, kaa kwanza, maana ofisini kuna makaratasi zaidi.

Njia ya kawaida ni mwalimu, halafu mkuu wa idara au mratibu wa programu ya lugha mbili, halafu makamu au mwalimu wa taaluma, halafu mkuu. Kuwa makini na hicho cheo cha mratibu. Kina jina kubwa lakini mara nyingi hakina meno. Unawajibika na matokeo ya programu nzima, ila hupangi ratiba, huajiri, huna bajeti, na ukiwaambia walimu wafanye kitu wanakwenda kumuuliza mkuu kama ni kweli. Kabla hujakikubali uliza mambo mawili: nitakuwepo kwenye usaili wa walimu wapya? Na ratiba inapitia kwangu kabla haijabandikwa? Yote mawili yakiwa hapana, wewe ni karani mwenye cheo.

Mkuu wa shule ya lugha mbili anafanya nini tofauti na mkuu mwingine yeyote?

Hili ndo swali lenyewe na nitakaa hapa kidogo.

Kazi zote za kawaida anazo, fedha, nidhamu, wazazi, wakaguzi. Ya kwake ya peke yake ni kuilinda lugha iliyo dhaifu. Kila shule ya lugha mbili ina lugha moja yenye nguvu, ya serikali au ya mitihani au ya ajira, na moja ambayo mtaani na kwenye simu haina msukumo. Lugha hiyo ya pili haifi kwa sababu mtu alikaa kikao akaamua ife. Inakufa kwenye maamuzi madogo ya ofisini ambayo kila moja lina sababu nzuri kabisa.

Chukua ratiba ya shule yako uitandaze mezani. Tafuta vipindi vya mwisho vya siku, wakati watoto wamechoka. Tafuta Ijumaa mchana. Tafuta vipindi vinavyoliwa na michezo, mazoezi ya sherehe, chanjo, wageni. Viwekee alama kwa rangi kulingana na lugha. Shule nyingi ukifanya hivyo rangi moja inajaa kwenye hizo pembe, na aliyepanga wala hakuwa na nia mbaya, alitanguliza masomo ya mtihani asubuhi basi yaliyobaki yakaenda jioni. Halafu mwambie mtu ahesabu kwa muhula mmoja vipindi vilivyofutwa kweli, sio vilivyoandikwa kwenye ratiba. Programu inayosema hamsini kwa hamsini unaweza kukuta iko sabini kwa thelathini, na wazazi wanalipa na kuamini ile ya kwenye bango.

Mwalimu asipokuja, nani anashika darasa? Kama mwalimu wa akiba wa lugha dhaifu hayupo na anaingia yeyote, kipindi kinageuka kuwa cha lugha kuu. Vikao vya walimu vinaendeshwa kwa lugha gani? Matangazo ya asubuhi? Cheti cha mwanafunzi bora? Mbao za matangazo ukutani, maandishi ya lugha gani yako juu na makubwa? Vitu vidogo, lakini mtoto wa miaka saba anavisoma vyote.

Na ajira. Hapo ndo programu inasimama au inaanguka. Mwalimu mzuri wa sayansi anayeweza kufundisha kwa lugha dhaifu ni adimu, kwa hiyo mkuu anatakiwa awe anamtafuta mwaka mzima, sio wiki mbili kabla shule haijafunguliwa. Walimu wasaidizi ulionao ndo akiba yako, wasaidie wasome. Utafiti wa kina Kenneth Leithwood uliotoka 2004 uliweka uongozi wa shule nafasi ya pili baada ya ufundishaji wenyewe, kati ya vitu vya ndani ya shule vinavyogusa kujifunza kwa watoto, na mi naona kwenye shule za lugha mbili njia kuu ya mkuu kugusa kujifunza ni nani anamweka darasani na anampa saa ngapi.

Wazazi wanaogopa watoto watachanganyikiwa. Niwajibu vipi?

Usiwacheke. Hofu hiyo ilikuwa hata kwenye vitabu vya wataalamu kwa miongo mingi, tafiti za zamani zilikuwa zinaonyesha watoto wa lugha mbili wako nyuma. Shida ni kwamba nyingi zilikuwa zinalinganisha watoto wa familia maskini za wahamiaji na watoto wa familia zenye uwezo, halafu wanalaumu lugha. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert, kule Montreal, walichagua watoto wa hali zinazofanana zaidi na matokeo yakageuka, wa lugha mbili walifanya vizuri. Toka hapo mazungumzo yakabadilika.

Ila na wewe usiende upande wa pili ukawaahidi kwamba mtoto atakuwa na akili kuliko wenzake. Madai ya kwamba lugha mbili zinaongeza nguvu fulani za ubongo bado yanabishaniwa, kuna tafiti zinaona na zingine haziioni kabisa. Uza unachoweza kukitoa: mtoto atasoma na kuandika kwa lugha mbili. Hiyo peke yake ni kubwa.

Na waambie mapema kuhusu kipindi kigumu. Kwenye shule zinazoanza na asilimia 90 lugha ya pili, kuna mwaka mmoja au miwili mtoto anakuwa nyuma kwenye kusoma kwa lugha kuu akilinganishwa na binamu yake wa shule nyingine. Sio ajabu, hajafundishwa bado. Mzazi aliyeambiwa kabla atavumilia, asiyeambiwa atahamisha mtoto katikati ya mwaka na atawaambia na wengine.

Mtoto anafeli. Nitajuaje kama ni lugha au ana tatizo la kujifunza?

Mpime kwa lugha zote mbili, au angalau mtu anayejua lugha yake ya nyumbani akae naye. Tatizo la kweli la kujifunza linaonekana kwenye lugha zote, halichagui. Kama kwa lugha ya nyumbani anasimulia vizuri, anafuata maelekezo marefu, anakumbuka, basi anahitaji muda na msaada wa lugha. Makosa yako pande zote: wapo wanaopelekwa elimu maalum kwa sababu ya lugha tu, na wapo wanaohitaji kweli msaada wakaambiwa "subirini, lugha itakaa sawa", miaka inapita.

Mtihani wa taifa uko kwa lugha moja. Si tunapoteza muda na hii nyingine?

Presha hiyo haiishi na sitakudanganya. Cha kufanya, usiache darasa la mtihani ndo liwe mahali pa kuitelekeza lugha ya pili, maana wadogo wakiona wakubwa wameiacha wanajua ni ya kitoto. Punguza ikibidi, ila ibaki na somo moja zito. Na uwe na vipimo vyako vya ndani kwa lugha hiyo, vyenye alama zinazoingia kwenye ripoti, kwa sababu kitu kisichopimwa kwenye shule kila mtu anakichukulia kama ziada.

Na muda haupotei, ujuzi wa kusoma unahama toka lugha moja kwenda nyingine. Mtoto aliyejua kutafuta wazo kuu la aya kwa lugha moja haanzi upya kwa nyingine, anahitaji msamiati.

Sera ikibadilika nitapoteza kazi?

Inaweza kutokea, na imetokea. California wapiga kura walipitisha Pendekezo 227 mwaka 1998 likabana sana elimu ya lugha mbili, programu nyingi zikafungwa, halafu 2016 wapiga kura wa jimbo hilo hilo wakaliondoa kwa Pendekezo 58, na shule zikaanza kuhangaika kutafuta walimu ambao zamani walikuwepo. Malaysia ilianza 2003 kufundisha hesabu na sayansi kwa Kiingereza, 2009 ikatangaza kurudi nyuma. Ufilipino ilifanya lugha za nyumbani kuwa za lazima kufundishia madarasa ya chini kwa sheria ya 2013, na 2024 ikapitishwa sheria ya kuondoa ulazima huo.

Mwalimu anayejua somo lake vizuri na anayejua kufundisha mtoto asiyeimudu lugha hakosi kazi hata sera ikigeuka, kwa sababu watoto wa namna hiyo hawapungui. Anayeyumba ni yule ambaye sifa yake pekee ni kuijua lugha.

Kwenye intavyuu wataniuliza nini, na mi niwaulize nini?

Watakuomba ufundishe kipindi cha mfano, karibu lazima. Usiwaonyeshe wimbo na kadi za picha, fundisha kitu chenye uzito na uonyeshe mtoto dhaifu wa lugha unamshikaje. Kwa nafasi ya uongozi tegemea kisa: mzazi anataka mtoto wake atolewe vipindi vya lugha fulani, utafanyaje? Wanataka kuona utamsikiliza bila kuivunja programu.

Wewe waombe wakuonyeshe ratiba halisi ya wiki iliyopita. Uliza walimu wangapi wameondoka kwenye programu na kwa nini. Uliza madarasa ya juu lugha ya pili inabaki na masomo gani. Mwajiri mzuri anafurahi kuulizwa hivyo.

Mshahara?

Ngazi ni ile ile ya walimu na wakuu wengine, kuna sehemu zinatoa posho ya lugha juu yake na kuna sehemu hawatoi kitu. Uliza kabla ya kusaini, sio baada.

Programu za kutafsiri kwenye simu si zitaua hii kazi?

Zimenipunguzia barua za wazazi, nashukuru, ingawa bado lazima mtu anayejua lugha azipitie kabla hazijatoka kwenye mlango wa shule. Mtoto wa miaka sita anayejifunza kusoma hawezi kuazima uelewa kwenye simu.

Nimepewa ukuu wa shule ya lugha mbili wiki hii. Nianzie wapi?

Usitangaze mabadiliko. Muhula wa kwanza kaa madarasani, vipindi vizima, lugha zote, na usiwe na karatasi ya ukaguzi mkononi maana walimu wataigiza. Fuata darasa moja siku nzima toka kengele ya kwanza hadi ya mwisho, kaa kwenye dawati la nyuma, na uandike kila dakika ishirini lugha gani inatumika na nani anaongea, mwalimu au watoto. Karatasi hiyo moja itakuonyesha shule yako zaidi ya ripoti zote ulizoachiwa. Ongea na katibu wa shule pia, yeye ndo anajua wazazi gani hawapigi simu tena kwa sababu wakipiga hawaeleweki. Ratiba ya muhula ujao ipange mwenyewe, au ukae na anayeipanga mpaka mwisho.

Shule yetu ni ndogo, ina mwalimu mmoja tu anayeweza lugha ya pili. Inawezekana?

Inawezekana ila sio kwa shule nzima kwa mpigo. Anza na darasa la chini kabisa, masomo mawili kwa lugha hiyo, moja liwe lenye maneno mengi kama sayansi na jingine la vitendo. Mwaka unaofuata darasa hilo linapanda na programu, na jipya linaanza chini. Kwa hiyo kila mwaka unahitaji kuongeza mwalimu, tafuta pesa yake kabla hujamwambia mzazi yeyote, na mwalimu yule mmoja uliye naye mwondolee zamu za ziada ili apate muda wa kuandaa vifaa. Akiugua mwezi mzima mna mpango gani? Kama hamna, subirini mwaka mmoja.